Mshipa wa moyo uliofura: Hatari hujificha baada ya upasuaji

MZEE anayeishi Makina, mtaani Kibera, hawi mbali na Hospitali Kuu ya Kenyatta. Hata hivyo, mshipa wake mkuu wa damu unaweza kufura tumboni kwa miaka mingi asijue lolote, kwa kuwa ugonjwa huu haumi wala hauwashi hadi siku mshipa unapopasuka.

Kwa kawaida mshipa huo, unaotoa damu moyoni na kushuka tumboni, huwa na upana wa takriban sentimita mbili. Ukifika sentimita tatu huhesabiwa kuwa umefura, na ukifika tano na nusu kwa mwanamume, madaktari hupendekeza upasuaji. Sigara, presha na uzee ndivyo visababishi vikuu. Utafiti wa Profesa Julius Ogeng'o na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa humu nchini maradhi haya huwapata hata watu wa umri mdogo.

Zamani tumbo lilipasuliwa kutoka juu hadi chini. Mnamo 1990, daktari Juan Parodi wa Argentina alipitisha bomba la kitambaa lenye waya kupitia mshipa wa kinena, akalifungua ndani ya mshipa uliofura ili damu ipite humo bila kuusukuma ukuta dhaifu. Kidonda ni kidogo na mgonjwa hurejea nyumbani mapema.

Utafiti mkubwa ulioanza Uingereza mwaka 1999 ulihusisha wagonjwa 1,252. Katika mwezi wa kwanza, waliotiwa bomba waliokufa hawakufika wawili katika kila mia, ilhali waliopasuliwa tumbo walizidi wanne. Lakini faida hiyo iliyeyuka baadaye, na baada ya miaka minane waliotiwa bomba ndio waliokufa kwa wingi zaidi, baadhi yao kwa kupasukwa na mshipa uleule uliodhaniwa umetibiwa.

Ndiyo sababu wataalamu hujaribu kubashiri ni nani atakayepata matatizo. Njia moja, iliyobuniwa Glasgow, ni hesabu tu: huchukuliwa miaka ya mgonjwa, huongezwa 7 akiwa na ugonjwa wa moyo, 10 akiwa amewahi kupatwa na kiharusi, 14 figo zikiwa na kasoro na 17 akifika akiwa amezirai kwa kukosa damu. Mwenye miaka 68, moyo mgonjwa na figo dhaifu hupata 89, na jumla ikizidi kupanda ndivyo hatari ya kifo inavyozidi.

Hesabu hiyo haisemi lolote kuhusu bomba lenyewe. Hapo umbo la mshipa ndilo hutoa ishara. Shingo iliyo juu ya uvimbe ikiwa fupi kuliko milimita 15, pana mno au iliyopinda sana, bomba hukosa pa kushika. Huteleza, na damu huvuja kandokando. Dawa inayotiwa ili mishipa ionekane kwenye eksirei nayo huweza kuumiza figo.

Ishara nyingine hupatikana baadaye. Uvimbe ukinywea katika mwaka wa kwanza, ni dalili njema. Ukiongezeka kwa milimita tano au zaidi, lazima chanzo kitafutwe. Kwa hivyo mgonjwa hupigwa picha baada ya mwezi mmoja, kisha huchunguzwa kila mwaka.

Kwa mkazi wa Makina anayetegemea kibarua, miadi hiyo ndiyo mtihani mgumu, kwani ni vigumu kumshawishi mtu asiyehisi maumivu alipie picha nyingine. Kipimo cha mawimbi ya sauti, kile kile wanachofanyiwa waja wazito, ni nafuu kuliko skeni, hakihitaji dawa inayodhuru figo, na huonyesha vyema kama uvimbe unakua.