Machozi ya Simba

Leo nataka tuzungumze juu ya vitabu vya watoto. Ninyi watu wazima msizime redio, maneno haya ni yenu pia.

Vitabu hivyo ni saba, navyo huitwa hadithi za Narnia. Mwandishi wake ni C. S. Lewis, mwalimu wa Oxford na baadaye wa Cambridge, mshiriki wa kanisa la Kianglikana. Cha kwanza kilitoka mwaka 1950, cha mwisho 1956. Tangu hapo nakala zaidi ya milioni 100 zimeuzwa, na mwaka 2005 kile cha kwanza kilitengenezewa filamu kubwa. Msichana mdogo, Lucy, aingia katika kabati la nguo, na nyuma ya makoti akuta msitu wenye theluji. Nchi hiyo imerogwa na Mchawi Mweupe, baridi haiishi na Krismasi haifiki. Mwokozi wake ni Simba mkuu aitwaye Aslan. Edmund, nduguye Lucy, awasaliti wenzake kwa ajili ya vitu vitamu tu vya kula, na Simba akubali kuuawa mahali pake, kisha afufuka. Sina haja ya kuwaambia habari hiyo yatukumbusha nani.

Hata hivyo Lewis alieleza kwamba hakuanza kwa kutafuta mbinu ya kuwahubiria watoto. Alianza na picha iliyokaa moyoni mwake tangu alipokuwa na miaka 16: kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, ameshika mwavuli na vifurushi, akitembea katika theluji. Simba alikuja baadaye.

Sasa, kwa nini watoto hawachoki na vitabu hivi? Wengine husema ni kwa sababu ya maajabu yake. Mimi sikubali. Vitabu vya maajabu ni vingi, na vingi vimesahauliwa. Nadhani sababu yaonekana wazi zaidi katika kitabu cha sita, The Magician's Nephew, yaani Mpwa wa Mchawi, kilichotoka mwaka 1955.

Humo mna mvulana aitwaye Digory, ambaye mama yake ni mgonjwa wa kufa huko London. Asimama mbele ya Simba na kumwomba kitu cha kumponya mama. Kwa hofu ameangalia makucha tu. Kisha ainua macho, aona machozi katika macho ya Simba, tena makubwa kuliko yake mwenyewe.

Lakini Simba hampi dawa papo hapo. Amtuma mbali akalete tofaa la kupandwa ili mti wake uilinde nchi. Na kule bustanini Mchawi amnong'oneza: liibe, mpelekee mama yako, atapona leo. Hebu fikiri, ni mtoto gani angekataa? Digory akataa, akirudi mwenye huzuni nyingi. Baadaye Simba ampa tofaa la mti ule mpya, naye mama apona. Ila aambiwa jambo zito: hata tofaa la wizi lingemponya, lakini ingefika siku ambayo wote wawili wangejutia uponyaji huo.

Lewis alijua alichoandika. Mwaka 1908, akiwa na miaka 9 huko Belfast, mama yake aliugua kansa. Mtoto aliomba. Mama alifariki mwezi wa Agosti, na baada ya majuma machache baba alimpeleka shule ya bweni ng'ambo, Uingereza. Hata imani ilimtoka kwa miaka mingi, akarudi kwa Kristo mwaka 1931. Maombi hayo ya utotoni aliyasimulia katika kitabu kingine, kilichotoka mwaka huo huo wa 1955.

Basi wako wasemao alijipa hadithini kile alichonyimwa maishani. Huenda. Lakini mimi naona kiini si tofaa, ni machozi. Kwa maana yalikuja kwanza, kabla mtoto hajajua kama mama atapona. Sisi wachungaji huulizwa makaburini: niliomba, mbona mama amekufa? Nasi twajibu upesi mno, Mungu amempenda zaidi. Mtoto asikia kwamba Mungu ni mnyang'anyi. Lewis hamjibu hivyo.

Sisemi vitabu hivi havina dosari. Watu wa kusini mwa Narnia, weusi wa uso na wenye vilemba, wengi wao waonyeshwa kuwa wakatili, na hilo lamchoma msomaji wa Kiafrika. Ingawa katika kitabu cha mwisho askari mmoja wao apokewa na Simba kwa upendo.

Mwaka 1955 mama mmoja wa Marekani aliandika kwamba mwanawe wa miaka 9 aogopa kuwa ampenda Aslan kuliko Yesu. Lewis alijibu mara: yale mtoto ayapendayo kwa Aslan ndiyo aliyoyatenda na kuyasema Yesu, kwa hiyo anampenda Yesu. Kisha akamwandikia mtoto maneno ya kuomba. Mwishoni akasema, mtoto akitaka kumfadhili, amwombee na Bwana Lewis, kwamba ikiwa vitabu vyake vimewatia watoto wengine wasiwasi, Mungu amsamehe.