Maji Meupe ya Bomba na Viputo vya Sufuriani

Maji ya bomba yanapotoka meupe kama maziwa, hasa huduma inaporejea baada ya matengenezo, wapo wanaodhani kwamba dawa imezidi, wakayamwaga na kwenda kuchota kijitoni. Kwa kawaida weupe huo ni hewa tupu. Maji baridi yaliyo ndani ya bomba lenye msukumo mkubwa hubeba hewa nyingi iliyoyeyuka. Koki inapofunguliwa, msukumo hushuka ghafla na hewa hujitenga katika viputo vidogo mno, visivyoonekana kimoja kimoja.

Kuhakiki ni rahisi. Maji yakingwe katika glasi na kuachwa dakika chache. Yakiwa na hewa, yatatakata kuanzia chini kwenda juu, kwa kuwa viputo hupanda; navyo hupanda polepole, maana kiputo kidogo namna hii chenye kipenyo nusu ya mwenzake huenda kwa takriban robo ya kasi yake. Yakiwa na tope, hutakata kuanzia juu na kuacha mashapo chini. Maji ya aina hiyo yatolewe taarifa SUWASA kwa wakazi wa mjini, au RUWASA kwa wa vijijini.

Kutakata, hata hivyo, si uthibitisho kwamba maji hayana vimelea. Ndiyo maana huchemshwa, na hapo viputo huwadanganya wengi. Sufuria ikianza kupata moto, viputo vidogo hushikamana na kuta zake, hasa penye mikwaruzo. Hiyo ni hewa inayofukuzwa na joto. Maji bado hayajachemka, na vimelea vya kipindupindu na vya homa ya matumbo huweza kuwa hai. Baadaye sufuria huvuma: ni viputo vya mvuke vinavyozaliwa chini na kusinyaa vikutanapo na maji yenye joto pungufu. Bado ni mapema kuepua.

Maji yamechemka pale viputo vikubwa vya mvuke vinapotokota mfululizo hadi juu. Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko pwani. Kwa hiyo maji hutokota kwenye nyuzi joto 94 hivi za Selsiasi badala ya 100. (Ndiyo sababu maharage huchelewa kuiva Ufipa kuliko bondeni Rukwa.) Joto hilo linatosha kuua vimelea, mradi maji yatokote walau dakika moja, na dakika tatu kwa makazi yaliyo juu ya mita 2,000.

Wanaokwepa maji yaliyochemshwa kwa kuwa yamepooa ladha wajue kwamba kilichopungua ni hewa. Yakishapoa, yamiminwe mara kadhaa kati ya vyombo viwili safi, kisha yafunikwe.