Damu Igandapo Mahali Pasipofaa

Mtu ajikatapo kidole kwa kisu, damu hutiririka kwa dakika chache, kisha hukoma. Wa kwanza kufika penye jeraha ni chembe sahani, yaani vipande vidogo vya seli visivyo na kiini. Katika milimita moja ya ujazo ya damu ya mtu mzima zimo chembe kama 150,000 hadi 400,000. Hushikamana na kuziba tundu, kisha nyuzi za protini iitwayo fibrini huzifunga kama wavu.

Lakini mlinzi huyu aweza kugeuka adui. Utando wa mafuta uliojengeka ndani ya mshipa wa moyo ukipasuka, chembe hizo hukusanyika kana kwamba pana jeraha, na bonge la damu huziba njia. Sehemu ya moyo iliyokosa damu huanza kufa. Jambo hilo likitokea ubongoni, huwa kiharusi.

Miongoni mwa dawa za kukabili hatari hii zimo za namna mbili zifuatazo. Namna ya kwanza huzuia chembe zisishikamane, na mfano wake ni aspirini tuijuayo sote. Mnamo 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha jinsi inavyofanya kazi. Akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1982 pamoja na wenzake wawili. Aspirini hukizima kabisa kimeng'enya ambacho chembe hukitumia kutengeneza thromboksani, kemikali ya kuitana. Chembe isiyo na kiini haiwezi kuunda kimeng'enya kingine. Hubaki bubu hadi ife, baada ya siku 7 hadi 10.

Namna ya pili huyeyusha bonge lililokwisha kuganda. Streptokinasi, itokayo kwa bakteria, huamsha plasmini iliyolala katika damu, nayo huzikata nyuzi za fibrini. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 1988, wagonjwa 17,187 wa moyo walishirikishwa. Miongoni mwa wasiopewa dawa yoyote kati ya hizo mbili, asilimia 13.2 walifariki katika majuma matano. Miongoni mwa waliopewa zote mbili, asilimia 8.0.

Hata hivyo, kizuiacho kuganda hakizuii kuvuja. Kiharusi kingine hutokana na mshipa uliopasuka, na dawa hizi humzidishia mgonjwa huyo hatari. Macho hayawezi kutofautisha. Hupambanua picha ya ubongo. Basi mgonjwa wa kiharusi asipewe aspirini nyumbani. Akimbizwe hospitali, kwani dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze.