Kazi ya Shirika: Ajira au Kandarasi? Jua Ushuru Wako Kabla ya Kutia Sahihi

Wakazi wengi wa Kisii na Nyamira hufanya kazi na mashirika ya misaada, wakiwa wahamasishaji wa afya, wakusanyaji takwimu, wakufunzi wa vikundi vya wakulima au madereva. Baadhi huajiriwa, wengine hupewa kandarasi. Kazi inaweza kufanana, lakini ushuru haufanani, na wengi hugundua hivyo Juni, muda wa kuwasilisha ritani ukikaribia kuisha.

Kwanza, shirika la misaada linaweza kusamehewa ushuru wa mapato yake, lakini msamaha huo haumhusu anayelipwa na shirika, awe mwajiriwa au mkandarasi.

Mfano ni malipo ya Sh50,000 kwa mwezi, kwa viwango vya mwaka 2025.

Mwajiriwa hukatwa NSSF Sh3,000, bima ya afya ya SHA Sh1,375, tozo ya nyumba Sh750 na ushuru wa PAYE takriban Sh5,846. Anabaki na takriban Sh39,029. Mwajiri huongeza Sh3,000 za NSSF na Sh750 za tozo ya nyumba kutoka mfuko wake. Sheria ya Ajira ya 2007 pia humpa mwajiriwa likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo.

Mkandarasi hukatwa asilimia 5 pekee, yaani Sh2,500, na kupokea Sh47,500. Hapo ndipo wengi hudhani wamepata zaidi. Asilimia hiyo si ushuru wote, ni malipo ya awali tu. Kwa mwaka mzima amelipwa Sh600,000 na kukatwa Sh30,000. Iwapo ana risiti za gharama za kazi za Sh120,000, ushuru wake ni Sh52,600, hivyo bado anadaiwa Sh22,600. Asipokuwa na risiti, deni hupanda hadi Sh58,600. Hesabu hii haijagusa SHA wala tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, ambazo mkandarasi hujilipia mwenyewe. Hana likizo ya malipo, wala mwajiri wa kumchangia NSSF.

Anayechagua kandarasi anashauriwa:

• Kuweka kando sehemu ya kila malipo kwa ajili ya ushuru.
• Kutoa ankara na kudai risiti kupitia mfumo wa eTIMS, kwa kuwa gharama isiyo na ankara hiyo huenda ikakataliwa.
• Kudai cheti cha kila kiasi kilichokatwa na kuhakikisha kimeonekana kwenye iTax.
• Kuwasilisha ritani kufikia Juni 30. Anayechelewa hutozwa Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kiasi kilicho kikubwa.

Jina la mkataba pekee halitoshi. Anayeripoti kazini kila siku, kwa saa zilizopangwa na msimamizi, akitumia vifaa vya shirika, anaweza kuhesabiwa mwajiriwa hata kama karatasi inasema mkandarasi. Shirika nalo linaweza kudaiwa PAYE ambayo halikukata.

Kabla ya kutia sahihi, uliza: nani atalipa ushuru, SHA na NSSF? Malipo ya kandarasi yanapaswa kuzidi mshahara kwa kiasi kinachofidia mzigo huo. Kwa usaidizi wa PIN na ritani, wakazi wanaweza kufika Huduma Centre ya Kisii au ya Nyamira.