Kumtegemea Mungu si kufunga macho kwa pesa



Mwezi ukifika katikati, kila nyumba inajua hali yake: unga umeisha, deni la dukani bado. Wenzetu wa ziwani wana jambo lingine tena, maana kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari serikali ya Zambia inafunga uvuvi, mitumbwi inalala. Na tangu Marekani ikate misaada yake mwaka 2025, nani anaweza kuhesabu ya kesho? Basi mtu anajiuliza: nimtegemee nani?

Kutegemea pesa yenyewe, sisi wa Kongo tulishaponywa. Wazee wanakumbuka mwaka 1993: bei zilikuwa zimepanda mpaka zaire milioni 3 zikabadilishwa kwa zaire mpya 1 tu. Mwaka 1998 ikaja franga, zaire mpya 100,000 kwa franga 1. Aliyefukia noti zake chini ya kitanda alifukua makaratasi. Na mwaka 2017, tulipokimbia upande wa Pweto na Moba hadi kufika Kenani, ni nani alibeba shamba lake mgongoni?

Ndiyo maana neno "mtegemee Mungu" linatuingia upesi. Na mwizi anapita mlango huo huo.

Tanzania kulikuwa na DECI, iliyoanza mwaka 2007. Viongozi wake walikuwa wachungaji. Hawakusema "weka pesa", walisema "panda mbegu", nawe utavuna zaidi. Wa kwanza walivuna kweli! Wakashuhudia, na majirani zao wakakimbilia kupanda. Lakini shamba halikuwepo. Mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu za waliokuja nyuma. Mwaka 2009 serikali ikasimamisha, watu wakabaki wanadai, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani viongozi hao. Kinshasa walikuwa wameshauona mchezo huo mwaka 1991, kwa jina la Bindo. Kwa hiyo ushuhuda wa mtu unaweza kuwa wa kweli kabisa, na wewe bado ukaibiwa.

Wanaoomba mbegu wanapenda sana mjane wa Sarepta, aliyempa Eliya mkate wa mwisho (1 Wafalme 17). Sawa, imeandikwa. Lakini wasome mbele kidogo: Eliya alikaa nyumba ile ile, akala unga ule ule na mama yule na mtoto wake. Hakuchukua mkate akapanda gari.

Mimi napenda zaidi yule mjane mwingine, wa 2 Wafalme 4, kwa sababu anatufanana. Mume amekufa, mwenye deni anakuja kuchukua watoto wake wawili. Hapa tungesema kaloba imemfikia, ile ya kukopa mia na kurudisha mia na hamsini. Elisha hakumwomba sadaka. Alimuuliza ana nini nyumbani. Chupa ya mafuta tu. Akamtuma kwa majirani kuazima vyombo vitupu, vingi. Muujiza ulitoka kwa Mungu, lakini vyombo vilitoka kwa majirani, na majirani walimwamini kwa sababu wanamjua.

Likelemba yetu, ambayo wenyeji wanaiita chilimba, inakwenda hivyo. Watu kumi, kila mmoja anajulikana nyumba yake, kinachoingia ndicho kinachotoka, hakuna anayeahidiwa faida. Mama anapokea zamu yake, ananunua chumvi na sabuni za kuuza. Akikuta daftari haliandikwi, aulize, hata kama mwenye daftari ni mzee wa kanisa. Kuuliza hesabu si kukosa imani.

Mafuta yalipokwisha kujaa, Elisha alimwambia yule mama auze, alipe deni kwanza, halafu yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Hakuna mahali imeandikwa kwamba nabii alichukua hata chombo kimoja.