Je, Wajua? Kipimo Kisichotaja Huzuni

Kipimo cha ustawi wa mtu kiitwacho WHO-5, kilichotoka mwaka 1998, hakitaji huzuni wala ugonjwa hata mara moja. Kinauliza mambo matano tu ya wiki mbili zilizopita. Umekuwa mchangamfu? Umetulia? Una nguvu? Unaamka ukiwa umepumzika vya kutosha? Siku zako zina mambo yanayokuvutia?

Kila jibu lina alama 0 hadi 5. Jumlisha, zidisha kwa 4, unapata asilimia yako. Ukiwa chini ya alama 13 kati ya 25, inafaa umwone mhudumu wa afya. Programu ya simu humaliza hesabu hiyo kufumba na kufumbua, na anayeanza kujifunza kuandika programu anaweza kuiunda.

Wanaojifunza wapo hata Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, yapata kilomita 40 kutoka Lilongwe. Hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994. Leo Kiswahili kinasikika kila kona, kwa Wakongo na Warundi. Mwaka 2016 shirika la wakimbizi la UNHCR na Microsoft walianzisha humo AppFactory, darasa la kuandika programu. Inatia moyo kweli!

Na asiye na simu janja? Malawi ina Chipatala cha pa Foni, huduma iliyoanzia Balaka mwaka 2011. Mteja wa Airtel hupiga bure na kuongea na mhudumu wa afya. Simu ya vitufe yatosha.