Git na sauti ya nusu saa: kwa nini kufuta faili hakutoshi

Kijana anayejifunza kuandika programu, awe Pweto ao Lubumbashi, siku moja atakutana na Git. Ni programu aliyoanzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa kazi ya Linux. Inashika historia ya kila badiliko: nani alibadilisha, lini, na faili ilikuwa namna gani mbele ya pale. Kwa maandishi inafanya kazi vizuri sana. Matata inaanza siku mtu anatia humo sauti ao video.

Tuchukue mfano wa radio. Mzee anasimulia nusu saa juu ya Desemba 2000, wakati vita ilifika Pweto na watu wengi wakavuka kwenda Zambia. Kama imerekodiwa kwa WAV ya stereo, dakika moja inakula mega 10 na kitu, kwa hiyo nusu saa inapita mega 300. Masimulizi yale yale kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hayafiki hata mega 30.

GitHub, mahali ambapo watu wengi wanaweka maghala yao ya Git, inatoa onyo faili ikipita mega 50, na ikipita 100 inaikataa kabisa. Sasa angalia kinachofuata. Mtu anafuta ile WAV, anatuma tena, anakataliwa tena. Anasema ni mtandao. Hapana, mtandao hauna kosa. Alifuta faili leo, lakini rekodi ya jana ingali nayo, na Git inatuma historia yote, ya jana na ya leo. Hiyo njo kazi yake: kutosahau.

Kama ghala liko kwenye mashine yenu wenyewe, hakuna wa kukataa, na pale ni mbaya zaidi. Sauti haikandamizwi kama maandishi. Ukiikata na kuirudisha mara tano, ghala linaweza kubeba karibu nakala tano nzima. Kila mwenzako anayelichukua mara ya kwanza anapakua zote, hata zile zilizofutwa zamani, na mega ananunua kwa pesa yake. Anaweza kuomba hali ya mwisho tu kwa «git clone --depth 1», lakini hiyo inamsaidia yeye peke yake. Ghala linabaki zito.

Kusafisha kunawezekana. Programu inayoitwa git-filter-repo inaandika historia upya bila ile faili. Lakini kila mtu wa timu lazima achukue ghala upya, la sivyo mmoja atarudisha uzito wote kwa nakala yake ya zamani. Afazali kuzuia mapema.

Tangu 2015 kuko Git LFS. Ndani ya ghala inabaki karatasi ndogo ya mistari mitatu, yenye alama ya faili na ukubwa wake. Sauti yenyewe inakaa kando kwenye seva. Unaandika «git lfs track "*.wav"» mbele ya kuingiza faili, si nyuma. Na mwenzako asiyekuwa na LFS atafungua sauti ya mzee na kukuta ile mistari mitatu tu.

Lakini LFS inadai seva na mtandao wa kutosha. Kwa radio ndogo kando ya ziwa Moero, git-annex, ambayo Joey Hess alianza mwaka 2010, inafaa zaidi. Inaandika sauti fulani iko kwenye diski gani, hata kama ile diski imefungwa kabatini. Ukitaka kutoa sauti kwenye kompyuta, inahakikisha kwanza kama nakala nyingine ipo; isipoiona, inakataa. Kwa sauti ya mtu ambaye pengine hatasimulia tena, hilo ni jambo kubwa. Diski mbili, nyumba mbili.

Maandishi nayo, yaani script, tafsiri na orodha ya vipindi, yanaweza kusafiri bila intaneti. «git bundle create pweto.bundle --all» inafunga ghala zima na historia yake ndani ya faili moja. Unaiweka kwenye flashi, unampa mtu anayeenda Lubumbashi. Kule wanaifungua kwa «git clone pweto.bundle», bila kutumia hata mega moja.